Filamu kuhusu filamu nyingine: mwandishi abuni hadi wapi?

*"Mimi na mdogo wangu wa kike tuliitazama Hitchcock, ile filamu ya mwaka 2012 inayosimulia jinsi mwongozaji Alfred Hitchcock alivyoitengeneza Psycho, filamu yake ya kutisha ya mwaka 1960. Niliipenda mno, hasa mke wa Hitchcock alivyoonyeshwa. Mdogo wangu anasomea filamu. Baadaye alikwenda kusoma, akarudi akaniambia kuwa mengi ni ya kubuni: mke hakuongoza seti, wala Hitchcock hakuwa akizungumza na muuaji. Nimeumia, kwa sababu mimi mwenyewe naandika muswada kuhusu utengenezaji wa filamu moja ya kwetu iliyopendwa sana. Mwongozaji ameshafariki. Mjane wake yupo, na wanaomfahamu wanasema ndiye aliyeikata filamu ile, yaani aliyeihariri, ingawa jina lake halimo. Mdogo wangu anasema niachane na maigizo, nifanye filamu ya hali halisi. Je, mwandishi anaruhusiwa kubuni kiasi gani? Na kwa kuwa mwongozaji hayupo tena duniani, kuna ruhusa ya mtu ninayoihitaji?"*

Ndugu msomaji, swali lako ni la sheria kwa juu tu. Ndani yake kuna hofu: filamu uliyoipenda imekugeuka, na sasa unaogopa usije ukamfanyia mama wa watu kama ulivyofanyiwa wewe. Hofu hiyo ni njema, ila isikufanye uweke kalamu chini. Mdogo wako amesema kweli kuhusu yaliyobuniwa. Hitimisho lake ndilo ninalolipinga.

Nianze na msimamo wangu. Katika filamu inayosimulia utengenezaji wa filamu nyingine, unaweza kubuni mazungumzo, ukabuni chumba, ukabana miezi mitatu ikawa wiki moja, hata ukabuni ndoto. Kitu ambacho hupaswi kukibuni ni nani alifanya kazi ipi. Hadithi nzima imesimama juu ya swali hilo. Ukilichezea, hakuna kinachobaki. Hitchcock ina uongo mwingi usio na madhara, na ina uongo wa aina hii pia. Mtazamaji wa kawaida hautofautishi, na ndiyo maana ulipoambiwa ukweli ulihisi kila kitu kimeporomoka kwa pamoja.

Tazama waliotengeneza filamu ile walianza na nini mkononi. Mwaka 1990 Stephen Rebello alichapisha kitabu cha utafiti kuhusu utengenezaji wa Psycho, baada ya kuzungumza na watu waliokuwepo. Ni kitabu cha kazi: fedha, waigizaji, kamera, sauti, mabishano na wakaguzi. John J. McLaughlin alipokigeuza kuwa muswada, na Sacha Gervasi alipouongoza, walikutana na tatizo litakalokukuta na wewe. Kazi ya filamu haivutii kuitazama. Watu wanasubiri taa zipangwe, mtu anapima umbali kutoka kwenye lenzi hadi puani mwa mwigizaji, shoti ya sekunde tatu inarudiwa mchana kutwa. Mashaka yenyewe yako kichwani mwa mwongozaji, na kichwani kamera haiingii. Basi mwandishi hutafuta vitu vya kuonekana vya kuyabeba mashaka hayo: deni, adui, siku zinazoyoyoma, ugomvi wa mke na mume. Hivyo ndivyo kitabu cha kazi kilivyogeuka filamu ya ndoa. Hawakufanya hivyo kwa hila. Ni njia ya kawaida ya uandishi, na wewe utaipita vilevile.

Chukua deni. Kwenye filamu Hitchcock anaiweka nyumba yake rehani ili Psycho itengenezwe, na mkewe anapiga hesabu za matumizi kwa uchungu. Kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za kazi ni hiki: studio ya Paramount hawakuipenda hadithi ile, iliyotoka kwenye riwaya ya Robert Bloch ya mwaka 1959. Hitchcock akaigharamia kupitia kampuni yake mwenyewe, Shamley Productions, kwa takriban dola 800,000, wakati North by Northwest aliyotoka kuitengeneza ilikuwa imekula zaidi ya milioni 3. Alitumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni, akapiga picha kwa nyeusi na nyeupe kwenye viwanja vya studio ya Universal, na akaacha kuchukua malipo yake ya uongozaji ya dola 250,000 ili badala yake amiliki asilimia 60 ya filamu. Sasa jaribu kumwonyesha mtazamaji asilimia 60 ya filamu. Huwezi. Nyumba ataielewa mara moja, kila mtu anajua maana ya nyumba kuwekwa rehani. Hapa mwandishi ametafsiri hatari ya kweli kwa lugha ya macho. Hatari ilikuwepo, aliyeibeba ni yeye yule, na hakuna aliyenyang'anywa chochote. Ningekuwa mhariri wa muswada ule ningeipitisha.

Sasa chukua muuaji. Ed Gein alikuwa mtu wa kweli, wa Plainfield huko Wisconsin, aliyekamatwa Novemba 1957. Bloch alikuwa akiishi mji wa jirani katika jimbo hilohilo, na habari ile ikamchochea kuandika. Kwa hiyo uzi unatoka kwa Gein kwenda kwa Bloch, halafu kwa Hitchcock. Filamu imemruka Bloch, ikamketisha Hitchcock na Gein chumba kimoja, wakizungumza kama mgonjwa na tabibu wake. Hakuna mtu mzima atakayedhani jambo hilo lilitokea, kwa hiyo simwiti mwandishi mwongo. Kosa ninaloliona ni la ufundi: maono yale yanamvisha Hitchcock kidonda cha kuazima, ilhali alikuwa na cha kwake. Alikuwa mtu wa miaka 60, akiambiwa wazi na waliomwajiri kwamba anachokitaka sasa ni takataka. Hiyo peke yake inamtosha mwigizaji wa kiwango cha Anthony Hopkins, aliyemwigiza.

Tukifika kwenye ndoa, mambo yanakuwa mazito zaidi. Whitfield Cook ni mtu halisi. Alifanya kazi na akina Hitchcock kwenye Stage Fright ya mwaka 1950 na Strangers on a Train ya mwaka 1951. Filamu imemchukua kutoka miaka hiyo, ikampandikiza mwaka 1959, ikampa nyumba ya ufukweni anakokaa na Alma, mke wa Hitchcock, wakiandika pamoja, ili Hitchcock apate mtu wa kumwonea wivu katikati ya kazi. Kumbuka kwamba filamu ilipotoka mwaka 2012, binti yao Patricia alikuwa hai. Si hivyo tu, aliigiza ndani ya Psycho yenyewe, kama karani mwenza wa mhusika mkuu, Marion, ofisini, na alishachapisha kitabu kuhusu maisha ya mama yake. Kuhamisha tarehe ni jambo dogo kwenye karatasi. Kwa mtoto anayetazama wivu wa baba na kishawishi cha mama vikipandikizwa kwenye mwaka usio wao, si dogo. Wewe una mjane aliye hai. Kila unapotaka kuhamisha jambo la faragha kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, jiulize kama uko tayari kumsomea ukurasa huo ana kwa ana.

Lakini sehemu iliyoniuma mimi, na nadhani ndiyo iliyokuuma na wewe, ni ile Hitchcock anapougua na Alma anaingia studio kuongoza badala yake. Ni onyesho tamu, na Helen Mirren, anayemwigiza Alma, analibeba kwa heshima kubwa. Halikutokea. Lililotokea ni bora zaidi, na naomba univumilie nilieleze kwa kirefu, maana lina somo lote la uongozaji ndani yake.

Hitchcock kweli aliugua homa siku moja wakati wa kazi, na kazi ikaendelea bila yeye. Ilikuwa zamu ya onyesho la mpelelezi Arbogast, aliyeigizwa na Martin Balsam, anapopanda ngazi za nyumba ya akina Bates. Michoro ya shoti ilikuwa tayari, imechorwa na msanifu wa michoro Saul Bass, kwa hiyo Hitchcock alimruhusu msaidizi wake Hilton Green na mpiga picha waifuate. Wakapiga walichoelekezwa: mkono unateleza juu ya mbao ya kushikia, miguu inapanda ngazi ikionekana katikati ya nguzo. Hitchcock aliporudi akazitazama picha hizo, akazikataa. Alimweleza mwongozaji Mfaransa François Truffaut sababu katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1966: shoti zile zilimfanya anayepanda aonekane yeye ndiye mtu mbaya. Mkono peke yake na miguu peke yake hunyemelea, ndivyo jicho letu lilivyozoea kusoma picha. Arbogast alitakiwa apande kama mtu asiye na hatia anayekwenda kwenye hatari asiyoijua. Onyesho likapigwa upya kwa njia nyepesi kabisa: kamera inapanda ngazi mbele yake, uso wake tunauona wote, halafu ghafla tunaruka juu karibu na dari na mlango unafunguliwa.

Hebu fikiria hiyo ndiyo ingekuwa kilele cha filamu ya wasifu. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu sinema angeona michoro mizuri, akaona shoti nzuri zilizopigwa kwa ustadi, kisha akamwona mzee ametoka kitandani anasema hapana. Angeelewa kwa mara ya kwanza kwamba kila shoti peke yake inaweza kuwa nzuri, na onyesho bado likawa baya. Hilo lingekuwa onyesho la kazi, lenye mashaka, lenye migongano, tena la kweli. Badala yake tumepewa mke shujaa anayeingia mlangoni, na Hilton Green aliyebeba siku ile kwa uaminifu ameporwa siku yake.

Siku ya Green si mali pekee ya wengine aliyopewa Alma. Kuna mazungumzo kwenye filamu ambapo anamshauri mumewe asingoje hadi katikati, amuue mhusika mkuu baada ya nusu saa tu. Katika riwaya ya Bloch yule binti anauawa sura ya tatu. Kifo cha mapema kilikuwa cha Bloch tangu mwanzo. Na aliyependekeza filamu ianze na maisha ya binti huyo, hoteli saa ya chakula cha mchana na mpenzi asiye na fedha za kuoa, ni mwandishi wa muswada, Joseph Stefano. Pendekezo hilo ndilo lililomfunga mtazamaji kwa Marion kiasi kwamba anapouawa tunabaki hatuna wa kumshika mkono. Stefano ndani ya Hitchcock anapita kwa dakika chache. Muziki nao: Hitchcock alitaka onyesho la Marion akiuawa bafuni liende bila muziki. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, hakutii, akaandika kipande kile cha ala za nyuzi tupu, akamsikilizisha, na Hitchcock akakubali kwamba alikuwa amekosea. Mtu mmoja kumkatalia bosi wake kwa kufanya kazi nzuri kuliko alivyoagizwa ni tamthilia tosha. Kwenye filamu, ushawishi huo umepitia kwa mke.

Unaona kilichotokea? Waandishi walitaka kumrudishia Alma heshima aliyonyimwa, na nia hiyo naipenda kwa moyo wote. Ila walimlipa kwa jasho la watu wengine, na kwa kufanya hivyo wakalifunika jasho lake mwenyewe. Alma Reville hakuhitaji zawadi. Aliingia chumba cha uhariri huko London akiwa msichana wa miaka kama 16, na alikuwa mtu mwenye cheo kwenye sinema ya Uingereza wakati Hitchcock bado anachora vibao vya maandishi vya filamu bubu. Walioana Desemba 1926. Jina lake limo kama mwandishi kwenye Suspicion ya mwaka 1941 na Shadow of a Doubt ya mwaka 1943. Kwenye Psycho hana jina, lakini inajulikana kwamba nakala ilipokuwa inakaribia kupelekwa, watu wote wameshaitazama mara nyingi, ni yeye aliyesema kwamba haiwezi kutoka hivyo: Janet Leigh, aliyemwigiza Marion, akiwa amelala sakafuni kama maiti, alikuwa ameonyesha dalili ya uhai. Wengine wanakumbuka ilikuwa pumzi, wengine koo kumeza, wengine kope. Mafundi wa chumba kizima hawakuona, Alma aliona. Hiyo ndiyo kazi ya mhariri: kuitazama picha kana kwamba hujawahi kuiona. Mwaka 1979, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipomtunukia Hitchcock, aliwashukuru watu wanne: mhariri, mwandishi wa miswada, mama wa binti yake, na mpishi hodari, akasema wote wanne jina lao ni Alma Reville. Filamu inapowaonyesha wawili hao ndani ya chumba cha uhariri wakiitengeneza upya Psycho, inaikaribia kweli hiyo, ingawa hata hapo George Tomasini, mhariri aliyeajiriwa na mwenye jina kwenye filamu, hapewi nafasi ya maana.

Sasa rudi kwa mjane wako. Watu wanasema ndiye aliyeikata filamu. "Watu wanasema" ni mahali pa kuanzia, si mahali pa kuandikia. Kabla hujamwandikia onyesho hata moja la uhariri, tafuta alikata nini. Maonyesho yapi? Alikaa kwenye mashine mwenyewe au alikaa nyuma ya mtu aliyekuwa kwenye mashine akamwambia toa hapa, rudisha pale? Aliyekuwa kwenye mashine yuko wapi? Majibu hayo yatakupa undani ambao ubunifu wako hautakupa, kama vile homa ya siku moja ilivyotupa onyesho la ngazi. Na ukigundua kazi ilifanywa na watu wawili, waandike wote wawili.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye ushauri wa mdogo wako. Anadhani filamu ya hali halisi ingekukinga na uongo. Haikukingi, inakupa tu uongo wa aina nyingine, ule wa kumbukumbu. Mauaji ya bafuni yalipigwa picha kwa siku saba kuanzia tarehe 17 Desemba 1959, mbele ya mafundi kibao, na bado walioshuhudia wamegombana kwa miaka. Saul Bass, aliyechora shoti zake, alidai baadaye kwamba ndiye aliyeliongoza onyesho lile. Hilton Green alikanusha kabisa. Janet Leigh, aliyekuwa chini ya maji yale wakati wote huo, alisema aliyemwongoza ni Hitchcock na si mwingine. Anthony Perkins, aliyemwigiza muuaji na ambaye dunia nzima inaamini alishika kisu, siku hizo alikuwa New York akifanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Kivuli kile nyuma ya pazia ni cha mwigizaji mbadala, mwanamke. Leigh mwenyewe, kwenye kitabu chake cha mwaka 1995, hakusimulia mateso; alimsifu Hitchcock, na akasema hofu ilimjia alipoitazama filamu iliyokamilika, kiasi cha kuacha kuoga kwenye bafu la mvua. Filamu ya wasifu, kwa upande wake, imemwonyesha Hitchcock akinyakua kisu mwenyewe na kumtia Leigh kiwewe cha kweli. Hilo nalo silipendi. Linamfanya Leigh aonekane hakuigiza, alitishwa tu, kumbe uso ule ni ufundi wake, na ufundi huo ulimpa tuzo ya Golden Globe na nafasi ya kuwania Oscar.

Kwa hiyo kamera ya mahojiano haitakuondolea kazi ya kupima maneno ya huyu na yule. Tofauti ni kwamba katika hali halisi unaweza kuwaacha wawili wapingane mbele ya mtazamaji, jambo ambalo maigizo huliweza kwa shida. Ukiona kwamba jambo kubwa katika hadithi yako ni ule ubishi wenyewe wa nani aliikata filamu, basi mdogo wako amepata, fuata njia yake. Ukiona jambo kubwa ni yaliyopita kati ya mume na mke usiku ule chumbani, ambako hapakuwa na kamera na mmoja wao hayupo tena, maigizo ndiyo yatakayokufikisha. Kwa ulivyoandika, nahisi wewe ni wa njia hii ya pili. Lakini kwa vyovyote fanyeni mahojiano kwanza, wewe na yeye, na myarekodi. Wazee hawangoji miswada ikamilike.

Sasa sheria. Imani kwamba mtu akifariki hadithi yake inakuwa ya wote ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza waandishi. Matukio hayana mwenyewe. Kwamba fulani alitengeneza filamu mwaka fulani, akaishiwa fedha, akaikamilisha, hilo linaandikwa na yeyote. Chenye mwenyewe ni namna jambo lilivyosemwa au kuonyeshwa: kitabu, barua, muswada wa asili, picha mnato, wimbo, na filamu yenyewe. Hivyo havifi na mtu. Tanzania na Kenya zote mbili zinalinda kazi ya maandishi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na haki hizo huenda kwa warithi au kwa aliyezinunua. Kwa filamu, mwenye haki mara nyingi si mwongozaji hata kidogo, ni mtayarishaji aliyetoa fedha, au msambazaji aliyenunua kila kitu kwa mkataba wa ukurasa mmoja ambao familia haina nakala yake.

Hitchcock ni mfano mzuri hapa. Ilitolewa na kampuni ya Fox Searchlight, na haki za Psycho ziko kwa kampuni nyingine, Universal. Matokeo yake umeyaona bila kujua: katika filamu nzima kuhusu Psycho, hakuna hata picha moja ya Psycho. Usiku wa onyesho la kwanza hatutazami pazia la sinema, tunabaki na Hopkins nje ya ukumbi, akisikiliza mayowe na kuyaongoza kwa mikono kama mtu mbele ya bendi. Ni onyesho bora kuliko yote katika filamu ile, na limezaliwa na mlango uliofungwa. Nawe usiandike muswada unaotegemea vipande vya filamu ya marehemu kabla hujajua nani anavishikilia. Andika ya kwako iweze kusimama bila hata shoti moja yake, halafu ukivipata, heri.

Mjane ni suala tofauti. Yeye si mwenye hakimiliki kwa kuwa mjane tu, lakini ni mtu aliye hai, mwenye jina na heshima, na ukimwonyesha akifanya jambo la aibu ambalo hakulifanya anaweza kukushtaki. Zaidi ya hapo, ana vitu ambavyo hakuna sheria itakayokupa: barua, kanda, picha, na kumbukumbu. Njia iliyozoeleka ni mkataba wa maandishi ambao kwa muda maalum, tuseme mwaka mmoja au miwili, yeye anakuahidi kusimulia maisha yake kwako na si kwa mwingine, nawe unamlipa kiasi kidogo sasa na kikubwa zaidi filamu ikipata fedha. Humo muandikiane nani ana neno la mwisho. Ushauri wangu: mpe haki ya kusoma kila rasimu na kusahihisha mambo ya kweli, usimpe haki ya kuzuia tafsiri yako. Ukimpa hiyo ya pili kwa haya au kwa huruma, hakuna mfadhili atakayegusa mradi wako, na utamwumiza zaidi utakapokuja kuuvunja.

Usiende kwake na mkataba mkononi siku ya kwanza. Piga hodi kama watu wanavyopiga hodi. Nenda na mtu mzima anayemfahamu, ikiwezekana mmoja wa waliofanya kazi kwenye filamu ile, msalimie, mpe pole ya mumewe hata kama ni miaka imepita, eleza unachotaka, kisha uondoke umwache na watoto wake wazungumze. Akikataa kabisa, kisheria bado unaweza kuandika kutokana na yaliyo hadharani, lakini mimi nisingeiandika ndoa yake. Ningehamia kwa mafundi, au ningebadili majina yote na mji na filamu yenyewe, nikaandika hadithi ya kubuni waziwazi.

Kuna mahali ambapo jibu la maandishi kama hili halitoshi na inabidi uonane na mtu. Mwone wakili anayejua hakimiliki, si wakili yeyote wa familia, kabla hujasaini chochote na mjane, kabla hujatumia kipande chochote cha filamu au wimbo, na kabla hujapokea shilingi ya mfadhili, kwa sababu mfadhili makini atakuuliza karatasi za haki kabla ya kuuliza hadithi inahusu nini. Kama uko Tanzania, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wakueleze kama kazi ile imesajiliwa na kwa jina la nani. Kama uko Kenya, ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Sajili na muswada wako hukohuko. Ukikuta warithi wanagombana, mjane upande huu na watoto wa mke mwingine upande ule, simamisha kila kitu hadi wakili akuambie nani ana mamlaka ya kusaini. Saini ya upande mmoja inaweza kukugharimu filamu nzima siku ya kuitoa.

Kuhusu muswada wenyewe, rasimu yako ya sasa ichapishe, uchukue kalamu mbili za rangi. Kwa rangi moja piga mstari chini ya kila jambo ulilobuni lililo la moyoni: maneno, ndoto, kilio, ukimya. Kwa rangi ya pili piga mstari chini ya kila sentensi inayosema au kuonyesha kwamba fulani ndiye aliyewaza, aliyekata, aliyeshona, aliyelipa, aliyeokoa. Rangi ya kwanza ni yako, iache itiririke. Kwa kila mstari wa rangi ya pili andika pembeni umejuaje, na kutoka kwa nani. Palipo na watu wawili waliokuambia mambo yanayopingana, usichague anayekupendeza; rudi ukawaulize tena, na mdogo wako awe na wewe, maana inaonekana ana jicho la kusoma ambalo muswada huu unalihitaji. Ukishamaliza kuijaza pembe hiyo kwenye kurasa zote, niandikie tena, tuanze kuzungumza kuhusu kilele.